Bibi Harusi wa Kwenda na Kurudi

Mwanamume akikusubirisha kwa sababu ya mwanamke mwingine, la kufanya unalijua: utalia, utamsema huyo mwanamke mpaka mate yakauke, utapata nafuu. Olfa, binti mkubwa wa Bwana Hedi, au Si Hedi kama wanavyomwita Njia ya Gremda, kilomita ya tano, mjini Sfax, alisubirishwa na nauli ya ndege. Sasa nauli utaikamata wapi? Haina nywele za kuvuta.

Tangu baridi ya Januari mpaka joto hili la Julai lililokuwa likipasua maganda ya lozi bustanini, kila Ijumaa jioni Nidhal wake alipopiga simu kutoka Lyon, Ufaransa, swali la Olfa lilikuwa moja, na jibu lilikuwa moja vilevile, ila lilibadilisha nguo.

"Nidhal, umekata tiketi yangu?"

"Bado kidogo, roho yangu. Huku sasa ni likizo za shule, bei imekaa juu ya mnara. Ngoja watoto warudi darasani."

Watoto wakarudi darasani.

"Umekata?"

"Ramadhani hiyo inakuja, Olfa. Kila mtu anataka kufuturu kwa mama yake. Ngoja ipite."

Ramadhani ikapita, na sikukuu yake, na mchuzi wa vitunguu wa sikukuu ukaisha chunguni. "Umekata?"

"Sikiliza. Mimi hii bei nimeichunguza kama daktari. Inalala Jumanne, kabla ya alfajiri. Na usiiulize mara mbili kwa simu ileile, maana mashine inajua una njaa, inakupandishia. Juzi nimeazima simu ya yule Mreno ninayefanya naye kazi."

"Na Mreno anasemaje?"

"Anasema nikate, nimrudishie simu yake."

"Mreno ana akili."

Nidhal alikuwa fundi wa lifti. Kazi yake kutwa ni kupandisha watu na kuwateremsha, na labda ndiyo maana aliamini kwa imani yote kwamba kila kilichopanda kitashuka. Na ubaya wa mambo, Olfa alimpenda. Walijuana kiangazi cha mwaka juzi ndani ya lifti iliyokwama, katika jengo la daktari wa meno ambako Olfa hupokea wagonjwa. Nidhal alikuwa likizo, jino linamuuma, shavu limevimba kama andazi; akaomba kibanio kimoja cha nywele zake, akakipinda, akaifungua ile lifti, wakatoka. Kibanio hakukirudisha. Kufika magharibi Olfa alikuwa hana habari ya kibanio, ana habari ya vidole.

Kiangazi kilichofuata wakafunga ndoa ya karatasi, mbele ya afisa wa manispaa mwenye mafua, ili ruhusa yake ya kumfuata mumewe Ufaransa ianze safari. Lakini Sfax karatasi haimtoi binti kwa baba yake. Humtoa harusi. Mpaka hina ipakwe, ngoma ilie, na maharusi waruke samaki mkubwa aliyelazwa sakafuni kwa baraka, Olfa ni binti wa Si Hedi, na analala chumba kimoja na mdogo wake Chiraz, anayekoroma.

Si Hedi aliendesha treni ya fosfeti ujana wake wote, na alikuwa na neno lake moja. "Kijana ni mpole, sina ugomvi naye," alisema. "Lakini ana mkono wa birika. Na mimi nimeona watu wengi wakisubiri nauli ishuke. Treni iliondoka, wao nikawaacha kituoni."

"Si ubahili, Baba," Olfa alimtetea. "Ni uangalifu."

"Haya. Mwangalifu na akuangalie."

Mwezi Mei viza ilipotoka, Olfa alimpigia Nidhal simu mwenyewe. Akamwambia. Halafu Nidhal akasema, "Lo. Sasa ndiyo bei itapanda."

Mwanamume mwingine angesema Alhamdulillahi. Neno hilo la bei Olfa alilimeza, na lilikaa kooni mwake kama mwiba wa samaki mpaka Alhamisi hii ninayotaka kuisimulia, Alhamisi ya kapu la zawadi.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nidhal alikuwa amewasili tangu Jumatatu, na tangu Jumatatu hawakupata hata dakika ya kuzungumza, maana nyumba ya harusi haina pembe. Kila ukigeuka kuna shangazi. Waliishia kutazamana juu ya vichwa vya watu. Macho yake yaleyale ya ndani ya lifti, yenye haya na utundu pamoja. Olfa akiyaona tu, hasira ya miezi saba ilitafuta pa kukaa ikakosa, ikabaki imesimama mlangoni na mizigo yake. Jambo moja lilimtuliza. Jumatano Nidhal alipita karibu naye ukumbini, akamnong'oneza kwa haraka, "Nimekata. Utaiona kwenye kapu."

Amekata! Olfa alilala usiku ule bila kusikia mkoromo wa mtu.

Kapu la bwana harusi halifunguliwi kimyakimya. Hutolewa kitu kimoja kimoja, kikainuliwa juu, kikatajwa, wanawake wakakipigia vigelegele, kisha kikapita mkono kwa mkono, na kila mkono ukakipima uzito kwa siri. Aliyekaa mbele ya kapu ni Lella Zakia, dada yake Si Hedi, aliyewalea Olfa na Chiraz baada ya mama yao kufariki. Mama mwenye kifua, na sauti ya kuuza kitambaa. Upande wa pili alikaa mama yake Nidhal, Lella Jamila, kanyooka kama sindano.

"Hina ya Gabès!" Lella Zakia aliita. Vigelegele.

"Marashi! Chupa kubwa, si ile ya kuonja!" Vigelegele.

"Jozi mbili za kandambili za kuogea, na moja imetariziwa kwa uzi wa fedha! Lella Jamila, umetuheshimu."

"Mmestahili, mwenzangu," alisema Lella Jamila, na kidevu chake kikapanda.

Wanaume walikuwa nje barazani wakinywa sharubati ya lozi. Nidhal alisimama kwenye kizingiti, nusu kwa wanaume nusu kwa wanawake, akimtafuta Olfa kwa macho. Alipompata akakonyeza kidogo: sasa hivi.

Chini kabisa ya kapu palikuwa na karatasi imeviringwa, imefungwa utepe wa dhahabu. Lella Zakia akaiinua kama mtu aliyevua samaki asiyemjua jina.

"Mwanangu alisema hii iwe ya mwisho," Lella Jamila akasema kwa fahari.

"Chiraz! Wewe mwenye macho ya shule. Njoo utusomee."

Chiraz akapanda juu ya kigoda, akafungua utepe, akasafisha koo. "Abiria: Olfa. Kutoka Sfax kwenda Lyon. Siku ya Jumapili, baada ya harusi, asubuhi—"

Hawakumwacha amalize. Vigelegele vilipanda mpaka njiwa wakaondoka juu ya paa. Olfa akaficha uso kwa viganja, na nyuma ya viganja alikuwa analia kwa raha. Tiketi! Ipo! Ina jina lake! Shoga mmoja akamfinya paja.

"Bado sijamaliza," Chiraz akasema, sauti ya darasani. "Kurudi. Kutoka Lyon kwenda Sfax. Siku ya Jumatano, mwanzo wa Septemba."

Vigelegele vikakatika kama maji ya bomba. Kimoja cha jirani asiyesikia vizuri kiliendelea peke yake, kikajiona, kikanyamaza.

"Rudia," alisema Lella Zakia.

"Kurudi. Kutoka—"

"Usirudie!"

Lella Zakia akaiweka ile karatasi juu ya paja lake, kwa ncha za vidole. Ujanani aliolewa mjini Mahdia, akarudishwa kwao kabla ya kiangazi kuisha, na kamba za sanduku lake zikiwa hazijafunguliwa zote. Tangu siku hiyo neno kurudi halikutamkwa mbele yake kwa wepesi. Hata alipomwazima mtu sufuria alisema "iletwe".

"Lella Jamila, mwenzangu," akasema polepole. "Hebu nifahamishe mimi nisiyesoma. Binti yetu ameolewa, au ameazimwa?"

"Mimi... mimi sikuifungua," Lella Jamila alisema, na kidevu kikashuka. "Labda ni ya kuja kuwasalimia."

"Septemba? Hina ya nyayo itakuwa haijafutika! Ataingia hapa na hina yake miguuni, majirani wakisema karibu, karibu, umekosa nini?"

Wanaume nje walijua kuna msiba kwa sababu wanawake wamenyamaza. Si Hedi akaingia, akaipokea karatasi, akavaa miwani. Akaisoma, akaivua miwani, akaifuta, akaisoma tena kama anayetumaini kosa ni la kioo.

"Nidhal, mwanangu."

"Naam, ami."

"Umemkatia binti yangu tiketi ya kurudi?"

"Si kwa ajili ya kurudi, ami."

"Ya kurudi, lakini si ya kurudi."

"Ni sababu ya bei. Ya kwenda na kurudi ni rahisi kuliko ya kwenda tu. Ndege ndivyo zilivyo."

"Safari mbili ni rahisi kuliko moja?"

"Ndiyo, ami."

"Kwa hiyo nikienda sokoni nikichukua samaki wawili, nitalipa pungufu ya mmoja?"

"Kwa samaki, hapana. Kwa ndege, ndiyo."

"Usinitanie siku ya kapu, kijana."

"Wallahi sikutanii! Hiyo ya kurudi hatutaitumia. Siku ikifika tutaiacha ipotee tu."

"Mlango ukiuacha wazi," alidakia Lella Zakia, "usipopita wewe atapita mwingine."

Si Hedi aliikunja karatasi, akamrudishia mwenyewe. Hakupandisha sauti. Angeipandisha ingekuwa afadhali. "Mama yake huyu nilimchukua kwao moja kwa moja, na moja kwa moja alikaa, mpaka Mungu alipomchukua. Binti yangu hatoki kwenye mlango huu na siku ya kurudishwa imeshaandikwa. Nitawaambia wapiga ngoma wasifungue mifuko yao. Ikija karatasi ya kwenda tu, kuna harusi. Isipokuja, karibuni sharubati, kila mtu aende kwake."

Uso wa Nidhal ukabadilika rangi. Akageuka. Watu wote wakageuka naye, na macho yote yakamwangukia Olfa, aliyekuwa amekaa juu ya mto wake wa hariri mikono ikiwa haina hina.

"Olfa," Nidhal akasema. "Waambie basi."

Olfa akainuka, akashika pindo la gauni. "Baba, naomba niseme naye bustanini."

"Mahali nitakapowaona," akasema Lella Zakia, akaburuta kiti chake mpaka mlango wa nyuma.

Chini ya milozi kulikuwa na joto la tanuri. Walisimama, mti mmoja katikati yao. Karibu hivi Olfa aliona ambavyo simu haionyeshi: mstari mpya kwenye paji la uso wake, mkwaruzo wa waya mkononi, shati jipya ambalo hakuna aliyempigia pasi. Mkono wake ulitaka kulinyoosha lile shati. Akaufunga mkono nyuma ya mgongo.

"Wewe umesoma," Nidhal akaanza kwa sauti ya chini. "Wewe unaielewa hii hesabu. Ukiwaeleza wewe watakubali."

"Naielewa."

"Basi—"

"Naielewa, na hiyo ndiyo shida yangu. Wao wanaogopa utanirudisha. Mimi siogopi hilo hata kidogo, wewe hutupi kitu ulichokilipia. Mimi naogopa kwenda."

"Kwenda? Kwenda kwangu?"

"Nikishikwa na uchungu wa kuzaa siku ya Ijumaa, Nidhal, utaniambia nivumilie mpaka Jumanne?"

Akacheka. Masikini, halikuwa la kuchekwa, lakini lilimtoka.

"Usicheke!"

"Sicheki."

"Meno hayo ya nini? Miezi saba! Miezi saba nauliza swali moja. Wenzangu kazini wakiniona tu wananiuliza, 'Imeshuka?' Mgonjwa aliyekuja kung'olewa jino, mdomo umejaa pamba, ananiuliza imeshuka! Nilipokwambia viza imetoka ulisema nini? Kumbuka."

Nidhal akatazama viatu vyake. "Nilisema bei itapanda."

"Kumbe unakumbuka."

"Na ilipanda, Olfa."

Nyenze wa mchana walilia juu ya milozi kama wanaomzomea.

"Nilitaka kibaki kitu," Nidhal akasema haraka, akijaribu kuziba alichokitoboa. "Ile nyumba ya kule haina hata pazia. Nilitaka ukifika ukute pazia, ukute zulia, usione baridi ya sakafu."

"Mimi nilikuomba pazia?"

"Hapana."

"Niliomba nini?"

"Tiketi."

"Kata nyingine. Sasa hivi, hapa nilipo. Ya kwenda tu, kwa bei itakayotaja yenyewe."

Nidhal akatoa simu mfukoni taratibu, kama mtu anayetolewa jino bila dawa. "Sasa hivi ni Alhamisi alasiri, Olfa. Hakuna saa mbaya kama hii. Watu wote wa ofisini ndiyo wako—"

"Nidhal."

"Sawa. Sawa, nafungua."

Akaandika. Akasubiri. Halafu uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyagwa kidole.

"Imesemaje?" Olfa akauliza, kisha akajizuia. "Usiniambie. Bonyeza."

"Imeandika viti viwili vimebaki. Hao huwa wanadanganya, ni mbinu ya kumtisha mtu."

"Bonyeza."

Dole gumba likainuka, likaenda, na juu ya kioo likasimama. Likakaa pale hewani kama lifti iliyokatikiwa umeme. Olfa alilitazama. Alimpenda mwenye dole. Alijua namna linavyopinda, namna linavyofungua kilichokwama. Na sasa ndilo lililokwama, na yeye yu ndani, na nje ngoma haijalia.

"Nipe dakika moja tu," Nidhal akasema. "Simu yangu hii wanaijua. Nijaribu kwa ya Chiraz—" Akagusa kioo ili kuiuliza bei upya. Mara akatoa mlio mdogo, kama wa paka mlangoni.

Kutoka kwenye kiti cha mlango wa nyuma sauti ikaja: "Amekata?"

"Bado, shangazi!" Olfa akajibu bila kugeuka.

"Imepanda?"

Olfa akamtazama Nidhal. Nidhal akaitikia kwa kichwa.

"Imepanda, shangazi!"

"Alhamdulillahi!" akasema Lella Zakia.

Ndipo Nidhal alipofumba macho, akapiga kioo kama anayeua mbu. Akafumbua. Akaandika jina, akaandika namba zake, akabonyeza tena, na tena. Simu ikalia. Akaigeuza, akamwonyesha: Sfax, Lyon, kwenda. Chini yake hamna kitu. Ile ya kwanza nayo ilikuwa ya aina ya rahisi kabisa, isiyorudishwa fedha hata ukilia damu. Kwa hiyo mwangalifu wetu sasa alikuwa na tiketi tatu za watu wawili, ukihesabu na yake mwenyewe. Rahisi ghali, wahenga walisema, na wao hawakuwahi hata kupanda ndege.

Lella Zakia alikuja akaitazama ile simu asiyoweza kuisoma, akamwita Chiraz aisome, akamwambia afike mpaka mwisho, halafu mpaka chini ya mwisho. Alipoambiwa hakuna neno jingine, alipiga kigelegele ambacho hata barabara ya kilomita ya sita ilikisikia. Ndani wakaitika. Si Hedi akasikika akisema wapiga ngoma waje na vifaa vyote.

Bustanini walibaki wawili, kwa muda ambao shangazi alihitaji kutangaza habari.

"Umefurahi?" Nidhal akauliza. Jasho lilikuwa limelowesha shati lote jipya.

"Nimeliona dole lako."

"Lakini nimekata."

"Nimeona ulipokata, na nimeona ulipokuwa hujakata."

Nidhal akaegemea mti. Akabandua gamba la mlozi kwa ukucha. "Nikwambie kweli? Usinicheke. Mwanzo ilikuwa bei, sikatai, nimezaliwa hivi. Lakini baadaye... Kule naamka giza. Baridi. Chumba hakina sauti ya mtu. Naweka maji jikoni, nafungua simu, naandika Sfax, naandika Lyon. Abiria mmoja. Naendelea mpaka pale wanapouliza jina, naandika jina lako, nalitazama. Mpaka maji yachemke. Kisha nafunga naenda kazini." Akalidondosha lile gamba. "Ilikuwa ndiyo saa yangu na wewe, Olfa. Nikawaza, nikishakata, asubuhi nitafungua nini?"

Maneno kama hayo yangemyeyusha mwanamke yeyote wa kwenye nyimbo. Na Olfa, sitawaficha, alishika tawi. Lakini kilichompanda kifuani nyuma ya utamu huo kilikuwa kichungu, kikampanda mpaka machoni.

"Saa hiyo mimi niko macho," akasema.

"Saa ipi?"

"Hiyo ya giza. Kila siku namchemshia baba kahawa kabla hajaenda kuswali. Nyumba nzima imelala. Simu yangu iko pale mezani, karibu na kopo la sukari. Miezi saba, Nidhal. Wewe unalitazama jina langu huko, na mimi niko hapa nalitazama lako, na katikati umemweka mwuza tiketi." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira kwa nyuma ya mkono. "Ungenipigia. Kunipigia mimi ni bure."

Yule mtu mwenye jibu la likizo, la Ramadhani, la Jumanne, na la Mreno, aliuzunguka mlozi mpaka upande wake. Na alipotaka kuushika mkono wake, Lella Zakia alikuwa ameshatokea mlangoni, bakuli la hina kifuani.

Wakampaka hina mpaka vifundoni. Wakamwimbia. Walimwambia acheke, akacheka, maana bibi harusi asiyecheka hina yake haikolei. Lakini kila alipotazama kizingitini Nidhal hakuwapo. Alikwenda kwao na mama yake mapema, akaaga kwa kichwa tu.

Ijumaa alfajiri Olfa aliamka na mikono imefungwa vitambaa kama bondia. Akaweka kahawa motoni kwa viganja. Nyumba ilikuwa imelala juu ya masahani yasiyooshwa. Simu, karibu na kopo la sukari, ikawaka.

Aliiangalia ikilia. Aliiacha ilie kidogo, ili naye ajue ladha yake. Halafu akaipokea kwa kiwiko.

"Olfa."

"Naam."

"Sina la kusema. Nimepiga tu."

"Basi usiseme."

Olfa aliisikia pumzi yake, kisha jogoo wa upande wa kwao akawika ndani ya simu, kisha wa upande huu akamjibu. Bega lake, lililokuwa limepanda tangu Januari, likashuka. Alianza kufikiri kwamba huyu mtu anafundishika.

"Olfa, mpenzi?"

"Mm?"

"Ile tiketi ya jana. Nimeisoma vizuri usiku. Haina mzigo. Begi linalipiwa mbali. Sasa nimeangalia, tukingoja mpaka Juma—"

Olfa alifumba macho. Masanduku yake matatu yalikuwa yamepangwa ukumbini, mashuka ya miaka kumi ya kutarizi yakiwa ndani. Alizihesabu hasira zake mpaka zikakaa mstari.

"Nidhal, lipia. Ukishalipa nipigie tena."

Simu ikakatika. Alisimama akiitazama kahawa, ambayo ilikuwa imetulia bado, haijaanza hata kupanda povu. Alijisemea kwamba sasa Nidhal ataazima simu ya mama yake. Atamwamsha jirani. Atasubiri adhana, atasubiri watu wa Lyon waende kazini, atasubiri—

Ikalia. Povu lilikuwa bado halijafika ukingoni.

"Nimelipa," Nidhal akasema, akihema kama mtu aliyepanda ngazi kwa miguu.

"Yote matatu?"

"Yote."

"Kwa kiasi gani?"

"Sikuangalia."

Alikuwa anadanganya. Olfa aliusikia uwongo huo ukikwaruza kooni mwake. Aliangalia, na kile kiasi bado kilikuwa kinamuuma. Lakini katika maneno yote aliyomwambia tangu waonane, huo ndio uwongo wa kwanza wa kiungwana, tena ulimgharimu. Olfa akaondoa kahawa motoni kwa viwiko, akaibana simu vizuri kati ya sikio na bega, akaketi.